Mwachieni Mzazi Simu Yake Mkononi

Sisi vijana wa Nairobi tuna haraka, na haraka hiyo inawanyima wazazi wetu elimu. Mama anauliza namna ya kulipia stima kwa simu. Kabla hajamaliza swali, simu imeshachukuliwa na vidole vimekimbia. "Tayari, Mama." Bili imelipwa, lakini yeye hajajua lolote. Mwezi ujao atauliza tena, nasi tutasema wazee vichwa vyao ni vizito.

Sikubali hata kidogo. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, hakuna aliyekuwa ameisomea shuleni. Mama mboga, mabawabu na nyanya zetu vijijini waliijua kwa kuishika, kwa sababu pesa za mtoto aliye mjini zilipitia humo. Ni kweli kwamba umri ukisonga, mambo mapya huchelewa kukaa kichwani. Dawa yake ni kurudia: kidogo leo, kidogo kesho, kidogo wiki ijayo. Kumkalisha mtu saa tatu mfululizo Jumapili alasiri ni kumchosha tu.

Jirani yangu hapa Umoja, mama aliyepita miaka sitini, alitaka kulipa bili zake bila kumtajia mtu namba yake ya siri. Nilikaa naye, mikono yangu nikaiweka mbali. Kilichomkwamisha wala hakikuwa akili. Maandishi yalikuwa madogo, na skrini ilizima akiwa bado kwenye mstari wa pili. Tukakuza maandishi, tukaongeza muda wa skrini kukaa bila kuzima, tukageuza menyu ya M-Pesa ikawa ya Kiswahili. Kisha akaanza mwenyewe: Lipa na M-Pesa, namba ya biashara, namba ya akaunti. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Alipofika kwenye namba ya siri alinitazama mpaka nikageuza uso.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili. Mzee ambaye namba yake ya siri anaijua mjukuu au kijana wa saiba, kule kwenye kompyuta za kulipia, hawezi kusema pesa zake ni zake. Kumfundisha ni kumrudishia mamlaka juu ya jasho lake.

Mtu mzima hujifunza kwa sababu ana jambo lake. Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa bure mwaka uliotangulia. Alitaka kuisoma Biblia mwenyewe, ajionee kama wahubiri walikuwa wakimwambia yaliyomo. Wangeweza kumwambia, "Mzee, keti nyumbani, tutakusomea." Badala yake alipewa dawati na daftari, akaketi na watoto, amevaa kaptura na soksi ndefu kama wao. Baadaye alihamia makao ya wazee hapa Nairobi na bado akaendelea na masomo. Alifariki mwaka 2009.

Madarasa ya ngumbaru, ya kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, yapo, na walimu wake nawavulia kofia. Lakini mama anayefunga kibanda saa mbili usiku atayahudhuria lini? Na anayejua kusoma vizuri, ila eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, inamshinda, aende wapi? Huyu wa pili ndiye tunayemsahau kabisa, na mtaani kwetu wako wengi.

Huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, tuna maktaba za umma Kaloleni na Makadara, majengo ambayo tayari ni yetu. Kaunti itenge meza moja kwa wazee Jumamosi asubuhi, kila wiki. Intaneti iwepo, kiti kiwe na mgongo, na pawe na kijana mvumilivu aliyeagizwa jambo moja tu: asiguse simu ya mtu. Mimi niko tayari kuwa wa kwanza kukaa kwenye meza hiyo, na jirani yangu ameshaniuliza kama huko atafundishwa pia kutuma picha.