Bastola katika nchi ya dubu: takwimu mbili zisizolingana

Kila majira ya kuchipua, dubu wanapotoka mapangoni huko Alaska, Montana na Wyoming nchini Marekani, mabishano yaleyale huibuka upya. Mtu anauliza abebe bastola gani anapokwenda kuvua samaki au kuchuma matunda porini, na kabla hajajibiwa anaambiwa aache upuuzi, akanunue mkebe wa dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu. Anayemwambia hivyo huwa ana tarakimu mkononi: dawa hufaulu kwa asilimia 92, bunduki haifiki huko, hoja imefungwa. Mimi naona imefungwa mapema mno, na wabeba bastola hawajasikilizwa ipasavyo.

Tarakimu hizo zina wenyewe. Mwaka 2008 Tom Smith wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Stephen Herrero wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzao walichapisha utafiti wa matukio 83 ya Alaska, kati ya 1985 na 2006, ambamo watu walitumia dawa ya pilipili dhidi ya dubu. Kwa dubu wa kahawia dawa ilikomesha tabia mbaya kwa asilimia 92, kwa dubu weusi asilimia 90. Waliokuwa na mikebe hiyo, asilimia 98 walitoka salama, na wachache walioumizwa hawakuhitaji kulazwa hospitali. Mwaka 2012 Smith na Herrero, na wenzao wengine, wakatoa wa pili, safari hii juu ya bunduki: matukio 269, kuanzia 1883 hadi 2009. Humo bastola zilifaulu asilimia 84 na bunduki ndefu asilimia 76. Humo pia ndimo linamotoka lile neno linalonukuliwa kila mahali, kwamba waliofyatua na waliokuwa na bunduki bila kufyatua hawakutofautiana kitakwimu katika kuumia.

Ukizipanga tarakimu hizo bega kwa bega, dawa imeshinda. Tatizo ni kwamba hazikupimwa kwa mizani moja. Utafiti wa dawa uliwachanganya dubu wa kila namna: aliyekuja mbio kwa hasira, aliyesogea kwa udadisi, aliyefuata harufu ya chakula kambini. Dubu mdadisi akipata pilipili puani hugeuka akaenda zake, na tukio huandikwa kuwa limefaulu. Ni kweli limefaulu, ila dubu wa aina hiyo pengine angefukuzika hata kwa kelele. Ukitaka kujua dawa inafanya nini mbele ya dubu aliyekwisha kuamua kushambulia, asilimia 92 ya mchanganyiko ule haikujibu swali lako.

Upande wa bunduki mambo yalikwenda kinyume, na watafiti wenyewe waliliandika hilo kwa uaminifu. Mtu akijeruhiwa na dubu, habari hufika magazetini, kwa hiyo visa vya majeruhi hawakuvikosa vingi. Lakini Alaska ina hifadhi ya kumbukumbu za dubu waliouawa kwa kulinda uhai au mali, na nyingi kati ya hizo hazikuwafikia. Walisema wazi kwamba kama zingeingia, kiwango cha kufaulu kwa bunduki huenda kingepanda, isipokuwa hawakuweza kusema kingepanda kwa kiasi gani. Angalizo hilo limo ndani ya utafiti unaonukuliwa kila siku, na wanaounukuu hulivuka.

Kisha kuna udogo wa hesabu yenyewe. Asilimia 84 ya bastola ilitokana na matukio 37 tu. Katika 31 bastola ilifaulu, katika 6 haikufaulu. Sasa chukua visa vitatu kati ya hivyo sita uvihamishie upande wa pili: unapata 34 kwa 37, na hiyo ni asilimia 92 ileile inayosifiwa kwa dawa. Visa vitatu, katika kumbukumbu za zaidi ya miaka mia moja, kutoka jimbo ambalo kumbukumbu zake nyingi za aina hii hatujui zingesema nini zikihesabiwa pamoja. Juu ya msingi mwembamba namna hiyo watu wamejenga hukumu kwamba mwenye bastola ni mjinga anayejidanganya.

Na lile neno la kutokuwepo tofauti kati ya waliofyatua na wasiofyatua lina walakini wake. Aliyekuwa na bunduki asiitumie, mara nyingi hakuitumia kwa sababu dubu alisimama, akanusa, akaondoka. Aliyefyatua alifyatua kwa sababu dubu hakuondoka. Makundi haya mawili hayakukutana na hatari moja, kwa hiyo kulingana kwao katika majeraha hakuthibitishi kwamba risasi haina kazi. Unaweza hata kukusoma kinyume: waliokuwa katika hatari kubwa zaidi waliumia kwa kiwango kilekile cha waliokuwa katika hatari ndogo.

Upande wa dawa nao una hoja ambayo hakuna hesabu itakayoiondoa: dubu hubaki hai. Dubu wengi wanaokimbilia watu hutaka kutisha tu, husimama hatua chache mbele yako kisha hurudi. Ukimpiga huyo umemwua bure, na akiwa jike mwenye watoto, watoto nao hawana matumaini. Dubu wa kahawia wa majimbo yaliyo kusini ya Kanada wamelindwa na sheria ya shirikisho ya viumbe walio hatarini kutoweka tangu 1975, na kumwua mmoja huleta wachunguzi wanaotaka kujua kama kweli ulikuwa unaokoa maisha. Huko Alaska anayeua dubu kwa kujihami lazima amchune, akabidhi serikalini ngozi yenye makucha pamoja na fuvu, na atoe maelezo ya maandishi. Dawa haina masharti hayo. Haihitaji shabaha kali, maana hutoa wingu zima ambalo dubu hulipitia mwenyewe, na mwenzako akisimama kwenye njia yake atalia machozi kisha atapona. Kwa haya naipa dawa haki yake yote.

Dawa na bastola zina adui mmoja, ambaye ni muda. Dubu hukimbia mpaka kilomita 56 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde moja. Akitoka kichakani mita 30 mbele yako una sekunde mbili. Dawa hufika mita 7 hadi 9, kwa hiyo akiingia kwenye wingu amebakiwa na nusu sekunde tu kukufikia. Katika utafiti wa 2012 sababu iliyoongoza kati ya zile zilizofanya bunduki zishindwe, kwa asilimia 27, ilikuwa kukosa muda. Nyingine zilikuwa bunduki kukwama, kifungio cha usalama kusahaulika, risasi kwisha, mtu kukosa shabaha. Kati ya hizo hakuna inayohusu kaliba, yaani unene wa risasi, kuwa ndogo, na hapo ndipo ninapoachana na wapenzi wa bastola wenyewe.

Kwa sababu ukiwasikiliza, utadhani swali lote ni ukubwa wa risasi. Wazee wao hushikilia rivolva, bastola ya silinda inayozunguka, ya .44 Magnum, kaliba ya mwaka 1955. Wengine wamepanda mpaka .454 Casull, na tangu 2003 ipo .500 ya Smith & Wesson, inayobeba risasi tano na, ikiwa ya mtutu mrefu, ina uzito wa kilo mbili hivi. Nguvu hiyo haina shaka. Lakini silaha ya namna hii hupiga teke kiasi kwamba risasi ya kwanza ikikosa, mikono iko juu hewani wakati dubu anakula mita zilizobaki. Ni ghali kuifanyia mazoezi na inauma, kwa hiyo wengi huipiga mara chache siku ya kununua kisha hungoja siku ya dubu.

Sirius, kikosi cha jeshi la Denmark kinachozunguka kaskazini-mashariki ya Greenland kwa sledi za mbwa, ambako dubu weupe ni majirani, hubeba Glock 20: bastola ya milimita 10, magazini ya risasi 15, nyepesi kuliko zile rivolva kubwa. Watu ambao kazi yao ni kuishi miezi mingi kwenye barafu hawakuchagua mzinga mkubwa kuliko yote sokoni. Walichagua kitu ambacho mkono wenye baridi unaweza kukifyatua mara nyingi na kukirudisha kwenye shabaha. Sharti lake ni risasi zenyewe. Zile zenye tundu kichwani, zinazofunuka zikigonga, zimetengenezwa kwa ajili ya binadamu na huishia kwenye mafuta na misuli. Kwa dubu hutakiwa risasi ngumu isiyofunuka, ipenye mpaka mfupani.

Rivolva bado ina utetezi mmoja mzuri. Dubu akishakuwa juu yako na mdomo wa silaha umegusa mwili wake, rivolva itafyatua. Bastola ya magazini ikisukumwa nyuma namna hiyo inaweza kugoma, na mkono ulioishika kwa ulegevu unaweza kuifanya ikwame. Kwa mtu asiyefanya mazoezi ya mara kwa mara hilo ni jambo la kupima.

Kubwa kuliko yote ni mahali silaha inapokaa. Septemba 2018, kaskazini-magharibi mwa Wyoming, kiongozi wa wawindaji aliuawa na dubu wa kahawia akiwa anamshughulikia kulungu mkubwa ambaye mteja wake alikuwa amempiga mshale. Bastola yake ilikuwa imewekwa pamoja na mizigo, mbali na mkono wake. Mkebe wa dawa alikuwa nao mwilini, na wachunguzi walikuta dalili kwamba aliutumia. Miaka minane kabla, Mei 2010 katika Hifadhi ya Denali, Alaska, dubu alitoka kichakani kuwaelekea watembezi wawili. Mmoja alikuwa na bastola ya .45, ambayo wajuzi wengi huidharau kwa dubu. Alifyatua risasi kama tisa, dubu akarudi kichakani, na alikutwa amekufa umbali wa mita 30 hivi. Na Septemba 2023 katika Hifadhi ya Banff, Kanada, wenzi wawili waliuawa na dubu jike mzee mwenye meno mabovu. Mkebe wao wa dawa ulikutwa umekwisha. Ndiyo maana wavuvi wengi wa Alaska huvaa ala ya bastola kifuani, juu ya mikanda ya begi na juu ya suruali za mpira za mtoni, ambako mkono huifikia hata maji yakiwa kiunoni.

Suala hili si la wageni watupu kwetu. Mwaka 2016 familia za Wakongo zilianza kupokewa Missoula, mji wa Montana uliozungukwa na milima ya dubu, na wapo wasemaji wa Kiswahili Anchorage, ambako dubu huingia mpaka mitaani kufuata mapipa ya taka. Sheria iwe mbele kwa ndugu hawa. Mwenye visa ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa sheria ya shirikisho haruhusiwi kumiliki silaha isipokuwa kwa vighairi vichache, kimojawapo leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hayumo kwenye katazo hilo. Tangu Februari 2010 kubeba silaha kwenye hifadhi za taifa za Marekani kunafuata sheria ya jimbo, ila kufyatua bado kumekatazwa. Ukivuka kwenda Kanada, bastola yako haiendi nawe. Na mkebe wa dawa ya dubu haupandi ndege ya abiria ya Marekani, hata kwenye mzigo wa chini, hivyo nunua unakofikia.

Aliyefika Missoula mwaka huu na anataka kupanda mlima Jumamosi ijayo, namshauri dawa bila kusita. Ipo mikebe ya mazoezi isiyo na pilipili, na mchana mmoja unatosha kuzoea kuuchomoa mkebe. Anayefanya kazi porini mwaka mzima, aliye tayari kwenda uwanja wa shabaha kila mwezi, nampa jibu jingine: bastola ya kati anayoiweza kwa mkono mmoja, risasi ngumu, ala ya kifuani, na mkebe wa dawa kiunoni vilevile. Mtu huyu hastahili kutupiwa asilimia 92 usoni. Anastahili utafiti unaowatenga dubu wadadisi na dubu wanaoshambulia, kwa dawa na kwa bastola sawasawa, na unaoingiza zile kumbukumbu za Alaska za dubu waliouawa kwa kujihami ambazo mwaka 2012 hazikuhesabiwa.