Ada ya jimu: Birmingham nimeliwa, Tanga ningelipa?

Januari yangu ya kwanza hapa Birmingham, Uingereza, nilijiunga na jimu, yaani ukumbi wa mazoezi. Pauni 28 kwa mwezi, zinakatwa benki zenyewe. Nikapewa kikadi, nikakifunga kwenye funguo. Kufika mwisho wa Juni kilishanila pauni 168, nami nilikuwa nimekanyaga mle mara 12 tu. Yaani pauni 14 kila nilipokwenda kutembea juu ya mkanda usiofika popote. Kujitoa nako kazi: toa taarifa mwezi mzima kabla, na mwezi huo ulipe. Nikalipa.

Wachumi wawili, DellaVigna na Malmendier, walichapisha mwaka 2006 utafiti kuhusu wanachama 7,752 wa jimu za Marekani. Waliolipa kwa mwezi, ada ya zaidi ya dola 70, walikwenda wastani wa mara 4.3 kwa mwezi. Kila mara iliwatoka zaidi ya dola 17, na tiketi ya kuingia mara kumi ilikuwepo, dola 10 kwa kila mara. Nilifarijika, sitaficha. Kumbe hata Wamarekani wenyewe wanaliwa.

Kwetu Tanga sikuwahi kulipia jasho. Mzee aliendesha baiskeli kutoka Mikanjuni hadi bandarini, jioni akirudi na mkungu wa ndizi kwenye keria. Sisi tuliogelea ufukwe wa Raskazone mpaka macho yanakuwa mekundu. Jimu yetu ilikuwa uani kwa jamaa mmoja: makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege, bomba la chuma katikati. Kopo moja lilikuwa zito kuliko jingine, kwa hiyo ukinyanyua unapinda kama mnazi wa ufukweni. Bega langu la kushoto liko juu mpaka leo.

Lakini nisiwe kama wale wanaoisifia Tanga wakiwa mbali nayo. Huku Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti. Ukumbi wenye taa na joto una thamani yake, ukienda. Na Tanga ya leo si ile ya mzee. Shemeji yangu anapanda bodaboda kwenda gengeni, pale pale mtaani! Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi kwa wiki. Za kukaa nyuma ya bodaboda hazimo.

Halafu kuna mdogo wangu wa kike. Alianza kukimbia alfajiri, siku ya tatu akaacha kwa maneno ya vijana wa kijiweni. Sasa anakwenda ukumbi wenye saa za wanawake peke yao, shilingi 2,000 kwa siku. Nilimwambia kwenye simu kwamba barabara ni bure. Akanijibu, "Kaka, mimi silipii vyuma. Nalipia mlango wenye komeo."

Hapo sikuwa na la kusema. Na ule mtindo wa kulipa siku unayokwenda ndio ninaoukubali. Siku ukilala, hela yako imelala nawe mfukoni. Mimi mwenyewe siku hizi naogelea kwenye bwawa la halmashauri, nalipa mlangoni.

Kikadi bado ninacho. Asubuhi za barafu nakitumia kukwangulia kioo cha gari.