Sauti ya Mtafsiri au Maandishi ya Chini?

Julai, baridi ya Mbeya inapowarudisha watu ndani mapema, flashi zenye muvi za Kikorea, Kihindi na Kichina hupita nyumba hadi nyumba, Mwanjelwa mpaka Uyole. Nyingi ni zilizotafsiriwa: mtu mmoja anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji wote. Wapo wanaoziponda, wakitaka muvi ya nje itazamwe kwa sauti yake yenyewe, na maandishi chini. Hoja yao ina uzito, lakini kesi haijaishia hapo.

Mtafsiri anamfikia bibi asiyesoma na mtoto wa darasa la pili. Hilo si dogo. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa mwandishi wa riwaya aliyegeukia kamera ili awafikie wasiosoma vitabu. Mwaka 1968 akatoa *Mandabi* kwa Kiwolofu. Halafu kuna suala la heshima. Kikorea kina ngazi za usemi kati ya mdogo na mkubwa, na maandishi ya Kiingereza hupoteza sehemu kubwa ya tofauti hizo. Mtafsiri hodari husema "shikamoo", na sebule nzima kule Tukuyu inajua nani mkubwa wa nani.

Anachoua ni ukimya. Muvi ya mapigano haiumii sana. Lakini kwenye kisa cha familia, mama anaponyamaza mezani sekunde kumi, kunyamaza kule ndiko kusema kwenyewe. Mtafsiri anayeogopa ukimya hupajaza maelezo. Baba, binti na jambazi nao wanabaki na sauti moja. Kwa muvi za aina hii, maandishi yanashinda bila ubishi.

Yanashinda yakikaa sawa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Faili la maandishi, yaani SRT, lazima liwe folda moja na muvi na liwe na jina lilelile, la sivyo televisheni nyingi hazitalisoma. Maandishi yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta ya Windows bonyeza G. Yakiwahi, bonyeza H. Kila mbonyezo husogeza sehemu 50 kati ya 1,000 za sekunde. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachana na midomo, G na H hazitasaidia: muvi ya picha 24 kwa sekunde ikiendeshwa kwa 25, ya dakika 100 huisha takriban dakika nne mapema. Tafuta faili la maandishi lililotengenezwa kwa mwendo wa nakala yako ya muvi.

Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba maandishi ya Kiswahili ni adimu, hivyo mtazamaji wa Makambako anamsoma Mkorea kwa Kiingereza. Dawa yake ni kazi ya mikono. SRT ni maandishi matupu: lifungue kwa Notepad, usiguse namba wala nyakati, badilisha maneno tu. Mistari miwili kwa mara moja, kila mmoja usizidi herufi 42 hivi. Kiswahili kinafaa sana hapa, maana "sikumwambia" ni neno moja pale Kiingereza kinapohitaji manne.

Kijana wa nyumba anaweza kumsomea bibi maandishi hayo kwa sauti. Mama wa kwenye muvi akinyamaza, naye ananyamaza, kwa kuwa hakuna cha kusoma.