Mama wa mchicha anaonewa
Eti magenge ya mboga na wakaanga chipsi wa kando ya barabara ndio wanaoziba mitaa ya Sinza, Dar es Salaam, kama habari niliyoisoma inavyodai. Mimi naishi huku, na kila jioni nikishuka kituoni napita njia hiyohiyo kwa miguu: genge ni meza moja ya nyanya, vitunguu na mafungu ya mchicha, imekaa juu ya kifuniko cha mtaro, haimzuii mtu. Kinachoziba ni magari ya wateja wa baa na fremu za maduka. Viwanja vya Sinza vilipimwa miaka ya 1970 kwa ajili ya nyumba za kuishi. Sasa mwenye nyumba akibomoa uzio akajenga fremu nne, mteja ataegesha wapi kama si barabarani? Halafu lile lundo la mchanga wa ujenzi, linamwagwa leo linakaa mpaka masika yalishushe mtaroni (ndipo tunashangaa maji kuingia sebuleni). Bodaboda na bajaji, sawa, kona wanazibana kwelikweli, siwatetei. Lakini mama wa mchicha? Wenzangu wa Tabata na Kimara, huko kwenu nani anaziba njia?