Kushiriki si Kushirikishwa: Somo Nililolipata kwa Kiaislandi

Kwa Kiingereza, mzazi anayefuatilia masomo ya mwanawe na mtu anayetajwa kwenye kesi ya wizi hubebwa na neno lile lile, "involvement". Kiaislandi hakikubali. Mzazi ana þátttaka, yaani kushiriki. Wa kesi ya wizi ni viðriðinn, na ukimwita mzazi hivyo umemtukana. Nchi iliyojiunga na mkataba ina aðild. (Þ isome kama th ya thelathini, na ð kama dh ya dhahabu, sauti hizi tunazo tangu utotoni.)

Mimi ni mtafsiri, na þátttaka ndiyo iliyoniteka. Taka ni kuchukua. Þáttur, kwa asili yake, ni uzi mmoja kati ya nyuzi zinazosokotwa kuwa kamba. Aliyewahi kukaa karibu na msokotaji wa kamba za makumbi ya nazi anaijua picha hiyo: kila uzi unavutwa, unabanwa na mwenzake, na mmoja ukilegea kamba yote inalegea papo hapo. Basi anayeshiriki ameshika uzi wake kwa mkono wake.

Sisemi Kiaislandi hakina mitego. Samráð ni kushauriana, lakini kampuni zikipanga bei kwa siri, hiyo nayo ni samráð. Hapo sisi tunasema wamekula njama, na hakuna wa kuchanganyikiwa.

Ila tuna ugonjwa wetu: ushirikishwaji. Neno hili limejaa kwenye ripoti na mabango ya miradi, na ndani yake daima kuna mkubwa anayemfungulia mwingine mlango. Ulinikuta kwenye habari hii: mwaka 2010, watu wapatao 950 waliopatikana kwa bahati nasibu walikutana Reykjavík siku moja kujadili katiba mpya ya Aislandi. Mwaka uliofuata baraza la watu 25 liliandika rasimu huku likipokea maoni ya wananchi kwa intaneti. Oktoba 2012, takriban theluthi mbili ya waliopiga kura waliiunga mkono, ingawa Bunge halikuipitisha.

Nilipotafsiri habari hiyo niliandika kwamba wananchi walishiriki. Mhariri akabadilisha: "walishirikishwa". Nikampigia simu, nikamweleza habari ya uzi na kamba, tukabishana karibu nusu saa. Mwishowe akaniambia, "Haya, rudisha lako." Nililirudisha kabla hajakata simu.