Lejendari mmoja anatosha

Zamu ya kwanza ya pambano la Pokémon, mchezo wa video ambao viumbe hupigana kwa zamu. Upande wako wamesimama Kyogre na Incineroar. Ng'ambo yuko Calyrex aliyepanda farasi mweusi, na pembeni yake Amoonguss, yule uyoga. Mvua imeshaanza kunyesha kwa sababu Kyogre huingia nayo uwanjani. Una sekunde 45 za kuamua.

Silaha yako kuu ni Water Spout. Kyogre akiwa na uhai kamili, pigo hilo lina nguvu ya 150 na linawakumba maadui wote wawili. Kwa kuwa linawapata wawili, linakatwa hadi asilimia 75. Kisha mvua inalirudishia nusu, na kwa kuwa Kyogre mwenyewe ni wa maji, linapata nusu nyingine. Ni gharika. Lakini gharika hiyo inategemea uhai wa anayeipiga: Kyogre akibaki na nusu ya uhai, 150 inakuwa 75. Na Calyrex anakutangulia. Katika ngazi ya 50, kasi yake hufika 222, ya Kyogre mwisho wake ni 156. Atapiga Astral Barrage kwanza, na Water Spout yako itatoka imenyong'onyea. Ungependa kumzuia kwa Fake Out ya Incineroar, lile kofi la kumgandisha adui kwa zamu moja, lakini Calyrex huyu ni mzimu na kofi hilo linampita kama hewa.

Kinachobaki ni Knock Off. Ni pigo la giza, na Calyrex wa farasi mweusi ni mzimu na pia ni wa nguvu za akili, kwa hiyo linamwingia mara nne. Mpinzani wako analijua hilo. Ndiyo maana Amoonguss yuko pale: akirusha Rage Powder, Knock Off yako inavutwa kwake na Calyrex anasalimika. Ila kama Incineroar wako amevaa Safety Goggles, miwani ya kinga, unga ule haumshiki, wala usingizi wa Spore haumpati. Kwenye mechi za mtandaoni mpinzani hajui Incineroar ameshika nini. Na wewe hujui kama Amoonguss atatumia zamu hii kumlinda mwenzake au kumlaza Kyogre wako.

Nimeanza na zamu hii kwa sababu ndani yake mna hoja nzima ya wanaotaka malejendari wakubwa, wale Pokémon adimu wenye nguvu kupita wengine kama Kyogre na Calyrex, waruhusiwe mashindanoni na ya wanaotaka wafungiwe nje. Kuna majabali mawili uwanjani, lakini mshindi wa zamu anaamuliwa na uyoga na paka mwenye miwani.

Kwa asiyefuatilia, mashindano rasmi ya Pokémon, yale ya VGC (Video Game Championships), huchezwa wawili kwa wawili. Unakuja na sita, unaona sita wa mwenzako, unachagua wanne. Malejendari wengi, kama Landorus, Heatran na Cresselia, huingia bila kuhesabiwa. Wanaowekewa mpaka ni wale wakubwa wanaopamba majalada ya michezo na wenzao wa daraja hilo: Kyogre, Groudon, Rayquaza, Xerneas, Zacian, Miraidon, Calyrex akiwa juu ya farasi. Jumla ya takwimu zao za msingi ni 670 au 680, wengine zaidi. Incineroar ana 530, Amoonguss ana 464. Kanuni hubadilika kwa misimu: wawili kwa kila timu mwaka 2010, 2016, 2019, 2022 na 2025; mmoja mwaka 2024; na miaka mingine, kama 2014, 2015, 2018 na 2023, fainali za dunia zilichezwa bila hata mmoja wao.

Wanaotaka wafungiwe wana picha moja wanayoipenda, nami naipenda pia. Mwaka 2014, Washington, Se Jun Park wa Korea Kusini alitwaa ubingwa wa dunia akiwa na Pachirisu, kindi wa umeme mwenye jumla ya 405. Kazi ya Pachirisu ilikuwa Follow Me, kuvuta mapigo yaje kwake ili wenzake wafanye kazi kwa nafasi. Wanauliza: mnyama huyo angeishi wapi mbele ya Water Spout? Follow Me haivuti pigo linalowapata wote wawili. Kyogre akiwepo, nafasi ya Pachirisu inazibwa kabla mchezaji hajamfikiria, na pamoja naye wanazibwa makumi ya viumbe wengine ambao hawana mwili wa kustahimili pigo moja la mkubwa.

Hoja hiyo ni ya kweli, ila inasahau mwaka uliofuata. Mwaka 2015 wakubwa hawakuruhusiwa pia, na kikosi kilichotawala kilijulikana kwa herufi za kwanza za Pokémon wake: CHALK, yaani Cresselia, Heatran, Amoonguss, Landorus na Kangaskhan. Watano walewale, meza kwa meza. Watatu kati yao ni malejendari, wale wadogo wasiohesabiwa. Ukimwondoa simba, chui ndiye anakuwa mfalme wa pori, na swala hapati nafuu yoyote. Mwaka 2023 Yokohama, tena bila wakubwa, ulikuwa ukikutana na Flutter Mane hadi unachoka. Kwa hiyo anayesema kwamba kufungia malejendari kunaleta usawa anasema jambo ambalo historia ya mchezo haimuungi mkono. Kunaleta kundi jingine la wababe. Pachirisu alishinda kwa sababu Se Jun Park aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Msimu wenyewe haukumpa zawadi.

Upande wa pili, wanaotaka wawili, wana hoja nzito kuliko wanavyopewa haki. Malejendari wawili hujenga uhusiano ambao hauwezi kuwepo bila wao. Chukua mwaka 2016. Primal Groudon, yaani Groudon katika umbo lake la kale, akiingia analeta jua kali ambalo maji yote hukauka chini yake. Kyogre mbele yake hana anachofanya, mapigo yake ya maji yanayeyuka. Kyogre naye akileta mvua yake nzito, moto wote unazimika. Anayeingia mwisho ndiye mwenye hali ya hewa. Wakiingia kwa pamoja, anayeanza kuleta hali yake ni mwenye kasi, na wa polepole anaifuta. Wote wawili wana kasi ya msingi ya 90. Basi watu wakaanza kuwapunguza mwendo kwa makusudi, tarakimu moja moja, kila mmoja akitaka Groudon wake awe mzito kuliko Kyogre wa jirani. Nautamani utamu wa namna hiyo. Ni mchezo ambao kuchelewa ni ushindi, na umezaliwa na malejendari tu.

Lakini mwaka huohuo ndio unaonipa wasiwasi. Kikosi kilichojaa kila mahali kiliitwa Big Six: Xerneas, Primal Groudon, Mega Kangaskhan, Mega Salamence, Talonflame na Smeargle. Xerneas alikuwa na Geomancy, pigo la maandalizi ambalo kwa kawaida linachukua zamu mbili. Akishika Power Herb linakwisha kwa moja, na nguvu yake ya kipekee, ulinzi wake wa kipekee na kasi yake vyote vinakuwa mara mbili. Pembeni yake anakaa Smeargle na Dark Void, usingizi unaowaangukia wote wawili wa upande wako. Zamu moja tu. Umelala, yeye amekua mara mbili. Niliwahi kupoteza mechi za namna hiyo nyingi kwenye Pokémon Showdown, ile programu ya bure ya kuchezea kwenye kivinjari, na kilichoniuma ni kwamba nilijua kitakachotokea tangu nilipoona sita wa mwenzangu, na bado sita wangu hawakuwa na jibu.

Watengenezaji wenyewe waliliona. Kizazi kilichofuata cha michezo, Dark Void ikashushwa uhakika wake kutoka 80 hadi 50 na Smeargle akanyimwa kabisa kuitumia. Ona walichokigusa: hawakumgusa Xerneas, walimgusa msaidizi. Hapo nakubaliana na wanaosema ubaya si wa lejendari pekee, ni wa lejendari akipewa zamu ya bure. Ila miaka baadaye walimgusa lejendari mwenyewe. Zacian mwenye upanga alikuwa na shambulizi la msingi la 170, na kila alipoingia uwanjani linapanda tena. Kizazi cha 9 kikamshusha hadi 150 na kupanda kule kukawa mara moja tu kwa pambano. Mtu hapunguzi asichokiona kimezidi.

Sasa, aliyeshinda dunia mwaka 2016 huko San Francisco hakutumia Big Six. Wolfe Glick wa Marekani alikuja na Kyogre na Rayquaza, pamoja na Gengar, Hitmontop, Raichu na Bronzong. Rayquaza akiingia analitawanya jua la Groudon, na Kyogre anapata pa kupumua. Hao wengine wanne si wote waliokuwa wakipiganiwa sokoni. Ni timu nzuri kuliko zote nilizozisoma, na ni ushahidi mkubwa kabisa wa wanaotaka wawili: jibu lilikuwepo, lilihitaji mtu wa kulitafuta.

Nimelipima hilo kwa muda mrefu, na bado nasimama kwa mmoja. Sababu yangu ni hii. Ukiwa na wawili, kila mmoja anaziba kidonda cha mwenzake. Rayquaza anaziba cha Kyogre, Groudon anamfungulia njia Xerneas. Wanne waliobaki wanageuka watumishi wa ndoa hiyo, na watumishi wazuri ni wachache, kwa hiyo unawaona walewale. Glick aliivunja hali hiyo, lakini alihitaji msimu mzima na kipaji chake. Maelfu ya wengine walinakili. Ukiwa na mmoja, kidonda chake kinabaki wazi na ni lazima umtafute wa kukiziba miongoni mwa wadogo. Calyrex wa farasi mweupe ana kasi ya msingi ya 50; ukimpunguza hadi mwisho anafika 49 katika ngazi ya 50. Hana maana mpaka iwekwe Trick Room, ile hali ya zamu tano ambayo wa polepole hutangulia, na anayeiweka lazima aishi zamu nzima akipigwa. Hapo ndipo Farigiraf, twiga ambaye hakuna aliyemtamani, alipopata kazi: yeye anauzuia upande wa pili kutumia mapigo ya kutangulia dhidi ya timu yake, Fake Out ikiwemo. Msimu wa 2024 ulijaa kazi za namna hiyo. Watu walijenga kwa Miraidon, kwa Terapagos, kwa Zamazenta, kwa Calyrex wote wawili, na timu hazikufanana. Luca Ceribelli wa Italia alitwaa ubingwa Honolulu akiwa na Miraidon.

Wazee wetu walisema wapiganapo tembo, nyasi huumia. Msimu wa lejendari mmoja niliona nyasi zikimlaza tembo, maana Amoonguss ni wa nyasi kweli.

Liko jambo moja linalonifanya niwaelewe sana wanaotaka wakubwa waondoke, na halihusiani na nguvu. Ni upatikanaji. Kwenye Scarlet na Violet, michezo ya kizazi cha 9, Calyrex na Zacian hawapatikani kabisa. Unawahamisha kutoka Sword au Shield, ile ya kizazi cha 8. Na huko, Calyrex anakuchagulisha farasi mmoja tu, mweupe au mweusi, ukishachagua basi. Anayetaka kuwapata wote wawili hukohuko anahitaji kuanza mchezo mzima upya, au rafiki wa kubadilishana naye. Kwa kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayejifunzia Showdown kwa simu, huko kwenye programu kila lejendari yuko mbele yake kwa kubonyeza mara mbili. Siku anapopata mashine yenyewe ndipo anagundua kwamba timu aliyoimudu inadai michezo miwili na nyongeza zake. Yokohama mwaka 2023 wachezaji kadhaa waliondolewa mashindanoni kwa kuwa na Pokémon waliotengenezwa nje ya mchezo. Siwatetei, kanuni ni kanuni. Lakini mtu hatengenezi bandia ya kitu kinachopatikana kirahisi.

Ndiyo maana nikisema mmoja, naambatanisha na sharti: msimu wowote unaoruhusu malejendari wakubwa uwape wote walioruhusiwa ndani ya mchezo unaochezwa mwaka huo, bila kumrudisha mtu kwenye kizazi kilichopita. Wapewe kila aliyemaliza hadithi, na farasi wote wawili wa Calyrex wawemo.