Nafasi tupu nayo umeilipia

Kila mwaka kuanzia Septemba, watoto wa darasa la saba wakishamaliza mtihani wao, huanza msimu wa matangazo ya shule binafsi zinazotafuta wanafunzi wa kidato cha kwanza. Magazetini, kwenye vipeperushi, kwenye kuta za vituo vya daladala. Mengi yanafanana. Nembo juu kushoto, mkurugenzi na suti yake juu kulia, jina la shule kwa herufi zenye kivuli chekundu, kaulimbiu, picha sita zilizobanwa mpaka hujui hili ni bwalo au maabara, tahasusi zote, namba nne za simu, na kiboksi cha njano: WAHI, NAFASI NI CHACHE. Ada haipo. Mzazi aipigie simu, sawa, lakini apige ipi katika hizo nne?

Lawama huwaangukia madizaina. Mimi nawapa nusu tu. Magazeti huuza nafasi kwa sentimita za safu, kwa hiyo mteja akiona sehemu nyeupe anaona hela yake imemwagika. "Mbona hapa pako wazi? Nimelipia nusu ukurasa mimi!" Dizaina, anayetaka kazi iishe alipwe chake, anajibu "sawa bosi" na kupachika picha ya basi la shule. Tangazo limekufa hapo hapo. Ukurasa wa gazeti tayari una kelele: zabuni huku, tanzia kule, habari ya waziri katikati. Ule weupe ndio uliokuwa unamtenga mteja wetu na majirani zake. Ameulipia, kisha ameagiza ufukiwe.

Mfano ambao wasanifu wa matangazo huutaja sana ni wa Volkswagen, na hautajwi bure. Mwaka 1959 kampuni ya matangazo ya Doyle Dane Bernbach ya New York ilikuwa na kibarua cha kuwauzia Wamarekani kigari cha Kijerumani, wakati magari yao yalikuwa marefu na mapana, na wachoraji wa matangazo wakiyarefusha zaidi. Msanifu wao, Helmut Krone, akakiweka kigari juu upande wa kushoto, kidogo kabisa, sehemu yote iliyobaki ya picha akaiacha wazi. Chini kichwa kifupi, kisha maelezo ya mwandishi wao, Julian Koenig, katika safu tatu. Mwaka 1999 jarida la Advertising Age liliiweka kampeni hiyo namba moja kwa karne yote ya 20. Watu husahau kwamba maelezo yale hayakuwa mafupi. Aliyekwisha kusimama husoma. Kazi ni kumsimamisha.

Najua jibu: hiyo Marekani, wateja wetu wanapenda vitu vilivyojaa. Haya, tazama kanga. Ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina, yaani ule msemo wake. Pindo limesheheni nakshi, rangi zinapiga kelele, lakini jina ni moja, liko mahali pake, na hakuna ua lililolipanda juu. Mama zetu wamekuwa wakinunua usanifu mzuri miaka yote hii. Kanga yenye majina matano nani angeivaa?

Halafu kuna mambo ya mtambo wa kuchapia, ambayo kwenye kioo cha kompyuta hayaonekani. Karatasi ya gazeti hunywa wino. Herufi nyembamba nyeupe juu ya rangi nzito huzibika, na maandishi madogo yaliyochanganywa rangi nne hutoka na ukungu pembeni pale sahani ya kuchapia rangi moja inapoteleza kidogo. Maandishi madogo yawe meusi tupu. Na tafadhali, nembo iliyotumwa WhatsApp kama picha imeshaminywa njiani. Omba faili lenyewe.

Ningepewa tangazo la shule ya bweni ya wasichana, ningebakiza picha moja kubwa: mwanafunzi maabara, macho kwenye kazi yake, si kwa mpiga picha. Kichwa kingebeba kile mzazi anachokitafuta, ama matokeo ama ada ya mwaka. Chini yake mahali shule ilipo, tarehe ya usaili, namba moja inayopokelewa. Mkurugenzi atuwie radhi, picha yake itundikwe ofisini. Kisha prufu, nakala ya majaribio, ningeichapa kwa ukubwa wake halisi, niibandike juu ya gazeti la jana, nimpe mlinzi getini aitupie jicho, niichukue. Nitamuuliza mawili tu: wanauza nini, na ukitaka unafanyaje? Akikwama, narudi kupunguza kabla mteja hajaiona.